Je, Asiyeona Ana Kosa?



Katika maungamo ya Sala ya Asubuhi twakiri mambo ya namna mbili: yale tuliyoyatenda, na yale tuliyoyaacha bila kuyatenda. Watu wa kanisa wameyakariri hayo tangu utotoni, hata wengine huyasema huku wakipapasa mfukoni kutafuta miwani. Lakini iko namna ya tatu ambayo maungamo hayo hayaitaji kwa jina, nayo ndiyo iliyoleta mabishano katika kikundi cha kusoma cha mtaa wetu, yaani mambo ambayo mtu hakuyaona. Amepita penye jambo, jambo lilikuwa wazi, macho yake ni mazima, wala hakuliona. Je, ana kosa?

Waliosema hana kosa walikuwa na hoja ya nguvu, maana mtu hawezi kulaumiwa kwa kutotenda asilolijua. Waliosema analo walikuwa na hoja pia, maana kila mzembe duniani husema, "Sikuona." Dereva aliyegonga mtu husema hivyo, na mtunza hazina ambaye fedha zimepotea mikononi mwake husema hivyo. Hatukupatana. Twalileta shauri hili kwenu kwa njia ambayo huenda ikawashangaza, yaani kwa njia ya wanafunzi wa chuo kikuu wanaosoma jiolojia, elimu ya miamba, na safari zao za mwisho wa juma. Hatuijui shule nyingine iliyolichukua swali la kuona na kutokuona kwa uzito kama hiyo.

Wengi wetu twawafahamu vijana hao kwa kuwapita tu. Basi la chuo limesimama kando ya barabara, mahali pasipo na duka wala kituo. Vijana wameshuka wakiwa na buti na kofia za jua, nao wanaukodolea macho ukingo wa mawe uliokatwa na tingatinga. Watoto wa karibu hukusanyika wakidhani kuna dhahabu. Huwa ni Jumamosi, kwa sababu siku za kazi zina mihadhara, na Jumapili jioni basi hurudi. Kilichoonekana kimeonekana, kisichoonekana kimebaki kule kule.

Vyombo vyao ni vichache: nyundo, dira yenye kipimo cha mwinamo wa tabaka, kioo kidogo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni, chupa ya asidi iliyozimuliwa ambayo ikidondoshwa juu ya jiwe la chokaa hutoa povu, na daftari. Chenye thamani kuliko vyote ni daftari. Mwalimu husimama mbele ya mwamba na kuuliza, "Mnaona nini?" Kijana mwerevu hujibu upesi, "Graniti." Naye mwalimu mzuri hulikataa jibu hilo, hata kama ni sahihi, maana graniti ni jina, na kijana hakuulizwa jina. Basi huanza tena: chembe nyeupe, chembe za rangi ya waridi, vidoa vyeusi vinavyometameta, ukubwa wake kama punje za mchele, ufa unaokata kutoka chini kushoto kwenda juu. Yote huchorwa kwa penseli, na ndani ya mchoro huwekwa kipimo, au huchorwa nyundo yenyewe, ili atakayesoma ajue kama mwamba ule ni mkubwa kama nyumba au kama mkate. Mawazo juu ya jinsi jiwe lilivyotokea huandikwa mbali, yasichanganyike na yaliyoonekana.

Mtu asiyezoea aweza kuona huo ni usumbufu wa bure. Lakini fikirini. Mawe makubwa ya graniti ya Dodoma yana umri unaozidi miaka milioni 2,500. Mbuzi hulala juu yake, na watu huegesha baiskeli zao hapo kila siku. Kutazama, watu hutazama. Ila kutazama na kuona si kitu kimoja, na lugha yetu imeyatenga maneno hayo mawili kwa sababu njema. Mtu aweza kuamriwa atazame. Hakuna awezaye kuamriwa aone. Na hapo ndipo ugumu wa swali letu ulipo, maana jambo lisiloweza kuamriwa, je, laweza kuwa wajibu?

Iko safari moja ya namna hii ambayo habari zake zimehifadhiwa vizuri, nayo ilifanyika Uingereza na Wales mwezi wa Agosti 1831. Ilikuwa ndefu kuliko mwisho wa juma mmoja, na msafara wenyewe ulikuwa wa mwalimu mmoja na kijana mmoja tu, lakini kazi ilikuwa ile ile.

Mwalimu aliitwa Adam Sedgwick. Alikuwa kasisi wa Kianglikana, mwana wa kasisi, aliyezaliwa mwaka 1785 katika kijiji cha Dent, Yorkshire. Mwaka 1818 alipewa kiti cha ualimu wa jiolojia pale Cambridge ijapokuwa alikuwa hajui mengi juu ya mawe, akakikalia kiti hicho mpaka kufa kwake mwaka 1873. Asiyejua hana budi kutembea, naye alitembea maili nyingi sana kwa farasi na kwa miguu. Wanafunzi wake aliwatoa nje ya mji wakiwa juu ya farasi, akiwafundisha njiani, na mara moja aliwapandisha juu ya paa la Kanisa Kuu la Ely ili awaonyeshe ile nchi tambarare ya mabwawa iliyokaushwa na watu. (Twajiuliza wazee wa kanisa la Ely walisema nini juu ya buti hizo.)

Kijana alikuwa Charles Darwin, mwenye umri wa miaka 22, aliyekwisha maliza masomo yake Cambridge na aliyekusudiwa na baba yake awe kasisi. Wasomaji wengine wakilisikia jina hilo watangoja tufike kwenye ugomvi mkubwa wa mwaka 1859, kitabu chake kilipotoka na mwalimu wake wa zamani akamwandikia barua ya masikitiko. Ugomvi huo si shauri letu leo.

Kabla ya safari, Sedgwick alifika nyumbani kwa kina Darwin huko Shrewsbury, akalala hapo. Kijana akamweleza jambo. Kibarua mmoja alikuwa amemwambia kwamba alikuta ndani ya shimo la changarawe karibu na mji kombe kubwa la konokono wa bahari za joto. Darwin alitaka kulinunua, na yule kibarua akakataa kuliuza. Kwa sababu hiyo kijana alisadiki kwamba hakika lilitoka shimoni. Sedgwick alijibu mara moja kwamba bila shaka mtu alilitupa pale. Kisha akaongeza neno kubwa zaidi: kama kombe lile kweli lilikuwa limefukiwa ndani ya changarawe, basi ni msiba kwa elimu yote, maana lingebomoa kila kilichojulikana juu ya changarawe za sehemu hiyo ya nchi. Kijana alishangaa sana. Alidhani mwalimu wake angefurahi.

Na Sedgwick alisema kweli. Miaka ya baadaye ilijulikana kwamba changarawe zile ziliachwa na barafu, na Darwin mwenyewe alipata ndani yake vipande vya makombe, lakini ni vya bahari za baridi ya kaskazini. Kombe la nchi za joto halikuwa na kazi pale.

Baada ya hapo wakaingia Wales. Sedgwick alikuwa akimtuma kijana apite njia iliyo sambamba na yake, alete vipande vya mawe, achore katika ramani jinsi matabaka yalivyolala. Darwin alielewa baadaye kwamba alifanyiwa hivyo kwa faida yake mwenyewe, maana hakuwa na ujuzi wa kumsaidia mwalimu kwa lolote. Hatimaye wakafika Cwm Idwal, bonde lenye ziwa dogo katika milima ya Snowdonia, lililozungukwa na kuta za mwamba. Wakakaa hapo saa nyingi, wakiukagua mwamba kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu Sedgwick alitamani sana kupata visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe.

Sasa, katika bonde hilo yako mambo matatu ambayo leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyaona kabla hajafungua mkoba wake. Mwamba una mikwaruzo mirefu, sambamba, kana kwamba umepigwa tupa na jitu. Majabali yamekaa juu ya majabali mengine kwa namna ambayo hayakuweza kuviringika yenyewe. Na kando ya ziwa pana vilima vya kifusi vilivyopinda kama ukingo wa sahani. Mambo yote matatu hunena jambo moja: bonde hili lilijaa barafu nzito iliyokuwa ikitembea. Kasisi Sedgwick, mmojawapo wa wanajiolojia mashuhuri wa Uingereza, na kijana Darwin, ambaye macho yake yalikuja kusifiwa ulimwenguni kote, walizunguka katikati ya alama hizo, wakazikanyaga, wala hawakuona hata moja.

Mwaka 1837 Louis Agassiz wa Uswisi alitangaza kwamba hapo kale barafu ilifunika nchi nyingi za Ulaya. Mwaka 1840 alifika Uingereza, na mmoja wa waliomkubali mapema alikuwa William Buckland, mwalimu wa Oxford, naye pia kasisi. Mwezi wa Juni 1842 Darwin alirudi katika milima ile ya Wales, akatazama tena, na safari hii akaona; mwaka huo huo akachapisha makala juu ya barafu ya kale ya Wales. Katika habari za maisha yake, alizowaandikia jamaa zake mwaka 1876, aliyasimulia yote mawili, kombe na bonde, bila kujitetea.

Basi na tuwahukumu. Kwanza, twaona kwamba kanuni nyepesi ya "amini macho yako" haifai. Kibarua wa Shrewsbury huenda aliamini macho yake, na Sedgwick alifanya vema kutomfuata. Pili, twaona kwamba katika Cwm Idwal hapakuwa na uvivu. Saa nyingi, uangalifu mwingi, nyundo na kioo. Walikuwa wakitafuta visukuku, na macho huleta kile yalichotumwa kukitafuta, kama mtoto aliyetumwa chumvi asivyoweza kutueleza bei ya sabuni. Tena wazo la barafu lilikuwa bado halijawafikia. Kwa hiyo twasema wazi: hatuoni kosa.

Lakini wenzetu wa upande wa pili walikuwa na neno la kuuliza hapa, nalo ni zuri. Walisema, kama kosa halianzi mpaka mtu aonyeshwe, basi mwenye hila atajipanga asionyeshwe kamwe. Atakaa nyumbani. Hatauliza. Naye atakufa hana hatia, amezungukwa na maovu ya kila namna.

Hapo yafaa kuangalia jambo jingine ambalo Sedgwick alilifanya mwaka huo huo wa 1831, mwezi wa Februari, miezi sita kabla ya safari. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha kwamba changarawe na majabali yaliyotapakaa juu ya nchi yaliletwa na gharika moja kuu, ile ya Nuhu. Kadiri alivyotembea na kadiri wengine walivyomletea habari, aliona kwamba changarawe hizo si za wakati mmoja wala za maji mamoja. Siku alipoacha kiti cha urais wa Chama cha Jiolojia cha London, alisimama mbele ya wanachama akayafuta hadharani mafundisho yake mwenyewe. Tuangalie vizuri kwamba hakuwa na jibu jingine la kuweka mahali pa lile alilolifuta. Jibu la barafu lilikuwa bado. Alikubali kukaa bila jibu mbele ya watu waliokuwa wamemsikia akijibu.

Kwa maoni yetu, tofauti kati yake na mtu wa hila ni kiti alichokikalia. Darwin alikuwa kijana wa miaka 22, hakuna aliyemwajiri aone. Sedgwick alilipwa kwa ajili hiyo. Mwenye kazi ya kuangalia, awe mwalimu, mganga, mzee wa kanisa au kasisi, hadaiwi kuona kila kitu, maana hilo haliko katika uwezo wa mwili. Adaiwa kutembea mpaka mahali ambapo aweza kuonyeshwa, na kumsikiliza anayemwonyesha. Deni hilo laweza kuamriwa.

Na hapa kwetu tunao mfano wa deni ambalo halikulipwa. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, aliuona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wake wa njia ni nini, yule mtu, ambaye hakuwa na jina la kitu hicho, alikiita "baridi". Rebmann akaelewa kuwa ni theluji. Habari zikachapishwa London mwaka 1849, na mtu aliyezipinga kwa ukali kuliko wote alikuwa William Desborough Cooley, mjuzi wa jiografia aliyeandika vitabu juu ya Afrika bila kuikanyaga. Theluji karibu na Ikweta? Haiwezekani, mmisionari amedanganywa na macho yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 alikuwa bado anapinga. Mwaka 1861 Baron Carl Claus von der Decken, pamoja na mwanajiolojia kijana Richard Thornton, walifika mlimani, wakaupima, wakaithibitisha theluji.

Tukiwaweka Sedgwick na Cooley pamoja, kwa nje wamefanya jambo moja: kila mmoja aliletewa habari ya ajabu na mtu mdogo kwake, akaikataa. Lakini Sedgwick aliikataa habari ya changarawe akiwa mtu aliyezikagua changarawe kwa miguu yake, tena alitaja waziwazi ni nini kitakachobomoka kama amekosea. Cooley aliikataa habari ya mlima kutoka chumbani kwake. Rebmann hakuwa amemwambia "niamini"; alikuwa amemwambia mahali ulipo.

Mpaka hapo mawe yametusaidia. Hayawezi kutupeleka mbali zaidi, kwa sababu jiwe lisipoonwa halipati hasara. Bonde la Idwal lilingoja miaka kumi na mmoja Darwin arudi, na lingeweza kungoja elfu kumi bila kuumia. Watu si hivyo.

Katika kikundi chetu alikuwamo mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi, ambaye ametupa ruhusa ya kusimulia habari zake bila kumtaja yeye wala shule. Alinyamaza muda wote wa mabishano, kisha akasema hivi. Zamani alikuwa na mtoto darasani ambaye akiitwa haitiki. Akipewa amri, huangalia kwanza wenzake. Mwalimu alimtazama mtoto huyo kila siku ya shule kwa muda wa miaka miwili, naye aliona mkaidi. Alikuwa akitafuta utii, akaona ukosefu wa utii, akamchapa. Mama yake alikuja shuleni mara mbili kusema kwamba mtoto ana shida ya sikio. Mwalimu alimjibu kwa adabu. Moyoni alisema kila mama ana sababu ya mtoto wake.

Tulimwuliza kama anajihesabu kuwa na kosa. Alisema juu ya siku za kwanza hajui. Juu ya siku ile ambayo mama alitembea kutoka kijijini, akasimama mlangoni pa darasa na kitenge chake kimelowa mvua, akaambiwa arudi, anajua.

Mmoja wetu akamwambia kwa nia njema kwamba hayo ni ya kale na Mungu husamehe. Mwalimu akasema halikatai hilo, ila yeye alikuwa amekwisha kwenda. Mwaka huu, baada ya Pasaka, alimtafuta mwanafunzi wake, akamkuta ni fundi seremala, mtu wa makamo, ana karakana yake na vijana wawili wanaojifunza kazi. Alimkaribisha vizuri, akamwita mwalimu, akapangusa benchi kwa mkono. Mwalimu alipoketi, fundi alimwomba ahame upande wa pili, maana sikio la huku halisikii. Wakazungumza mpaka jua likakaribia kuchwa, mwalimu akipaza sauti kidogo. Fundi alimweleza kwamba siku zile za shule hakuwahi kuisikia kengele. Alijua imelia kwa kuona vumbi likitimka uwanjani watoto wakikimbia, na siku za mvua, vumbi lisipotimka, alichelewa.